Patasi Zilizobaki Trewyn: Hotuba kuhusu Makumbusho ya Barbara Hepworth

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa, ndugu wachongaji, na ninyi wanafunzi mlioacha kazi zenu karakanani ili mje kunisikiliza, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya makumbusho yaliyowekwa kwa ajili ya msanii mmoja. Makumbusho ya namna hiyo yapo mengi, lakini nimeona ni afadhali nichague mahali pamoja na kupaeleza vizuri: Makumbusho na Bustani ya Sanamu ya Barbara Hepworth, katika mji mdogo wa St Ives, jimbo la Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Nimepachagua kwa sababu mtazamaji anayeingia hapo haonyeshwi kazi zilizokamilika peke yake. Anaonyeshwa pia mahali zilipotoka, zana zilizozitoa, na mawe yaliyokuwa bado yanangoja patasi siku mwenyewe alipofariki. Naamini kwamba mkusanyiko wa mchongaji ukikosa vitu hivyo unakuwa nusu ya mkusanyiko, hata kama sanamu zenyewe ni bora kiasi gani, na jioni hii nataka niitetee imani hiyo kwa mfano wa mwanamke huyu.

Hepworth alizaliwa tarehe 10 Januari 1903 mjini Wakefield, katika Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, penye migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa mhandisi katika serikali ya jimbo, na binti huyo alizoea kupanda naye gari alipokwenda kukagua barabara na madaraja. Utu uzima ulipomfikia aliandika kwamba vilima vile alivyovipita akiwa mtoto vilikuwa sanamu machoni pake, na kwamba ni barabara zilizoyaonyesha maumbo yake. Mwaka 1920 aliingia chuo cha sanaa cha Leeds, alikokutana na Henry Moore, naye aliyekuja kuwa mchongaji mashuhuri, na mwaka uliofuata wote wawili wakahamia Royal College of Art, London. Alikwenda Italia mwaka 1924 kwa msaada wa masomo, akaolewa Florence na mchongaji mwenzake John Skeaping, na walipokuwa Roma akajifunza kuchonga marumaru kwa fundi aitwaye Giovanni Ardini.

Hapa sina budi kusimama kidogo. Katika Ulaya ya wakati ule lilikuwa jambo la kawaida kwa msanii kufinyanga umbo dogo la udongo, kisha kulikabidhi kwa mafundi walikuze na kulihamishia kwenye marumaru, hata ikatokea kwamba mtu aliyeitwa mchongaji hakuwahi kulipiga jiwe patasi hata mara moja. Hepworth na wenzake wa rika lake waliukataa utaratibu huo. Walitaka mkono uleule uliowaza ndio ukate, na gogo au jiwe lenyewe lishiriki katika kuamua umbo litakuwaje. Kwa mchongaji wa Kimakonde jambo hilo halina ugeni wowote, kwa kuwa kwake mpingo na tezo havijawahi kutenganishwa na fikra. Kwa wachongaji wa London wa miaka ya 1920 yalikuwa mapinduzi. Nawaomba mlikumbuke hilo tutakapofika kwenye karakana, kwa sababu mtu aliyeishi kwa imani hiyo hawezi kueleweka mbali na zana zake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichukua kipande cha alabasta, akakichonga umbo la mviringo, kisha akalitoboa katikati mpaka upande wa pili. Sanamu hiyo ilipotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na leo inajulikana kwa picha tu, lakini tundu lile halikumwacha tena maisha yake yote. Kwa kulitoboa jiwe aliingiza ndani yake mwanga, hewa na vitu vilivyo nyuma yake, hivi kwamba mtazamaji analazimika kuzunguka, kuinama na kuchungulia, na kila anapohama anakutana na sanamu nyingine. Kazi kama hiyo haikubali kuegemezwa ukutani chini ya taa moja. Inadai nafasi, jua linalosogea, na ikiwezekana mti nyuma yake.

Mwaka 1934, akiwa na mchoraji Ben Nicholson aliyekuja kuwa mume wake wa pili, alijifungua mapacha watatu, naye tayari alikuwa na mtoto wa kiume, Paul, wa ndoa ya kwanza. Vita vilipokaribia, Agosti 1939, familia ilihama London na kukimbilia Cornwall. Kwa miaka kadhaa hapakuwa na nafasi wala vifaa vya kuchonga. Mchana alilea watoto na kulima mboga, usiku akachora. Aliandika baadaye kwamba malezi hayamwibii mwanamke usanii wake, mradi kila siku apate kufanya kazi kidogo, hata nusu saa, ili taswira ziendelee kukua akilini. Nalitaja neno hilo kwa ajili ya dada zangu waliomo ukumbini, kwa sababu halikutoka kwa mtu aliyekuwa na saa nyingi za faragha.

Septemba 1949 alinunua mahali palipoitwa Trewyn, katikati ya St Ives: nyumba ndogo ya mawe yenye ghorofa moja juu, ua wa kuchongea, na bustani iliyozungukwa na ukuta mrefu, bahari ikiwa haiko mbali. Ndoa yake ilipovunjika mwaka 1951 alihamia hapo moja kwa moja, akaishi na kufanya kazi humo hadi mwisho. Hali ya hewa ya Cornwall ni ya upole kuliko sehemu nyingi za Uingereza, kwa hiyo aliweza kuchonga nje karibu mwaka mzima, na mimea ya nchi za joto ikaota katika bustani aliyoipanga kwa msaada wa rafiki yake Priaulx Rainier, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Natal, Afrika Kusini. Wasaidizi walikuja na kuondoka, Denis Mitchell akidumu kuliko wengine katika miaka ya 1950, na watu wa jirani wakazoea kusikia nyundo tangu asubuhi.

Kuna jambo moja la Trewyn ambalo sisi watu wa Afrika tunapaswa kulijua vizuri zaidi kuliko tunavyolijua. Mwaka 1953 mwanawe Paul, rubani wa jeshi la anga, alikufa katika ajali ya ndege huko Thailand. Mwaka uliofuata mama huyo, akiwa amechoka na amefiwa, alisafiri Ugiriki, akapanda vilima, akatazama visiwa na mahame. Aliporudi alikuta taarifa kwamba bandari ya Tilbury imepokea shehena yake ya magogo ya guarea kutoka Nigeria, tani 17 kwa jumla. Fikirieni magogo hayo yakipitishwa katika vichochoro vya mji wa wavuvi. Yalikuwa makubwa kuliko mti wowote aliowahi kuushika, magumu, yenye harufu nzuri na rangi ya joto. Kutoka ndani yake alichonga mfululizo wa sanamu alizozipa majina ya Kigiriki, na iliyo kubwa miongoni mwake ni ile ya Corinthos, ambayo leo imo katika mkusanyiko wa Tate, taasisi ya taifa ya makumbusho ya sanaa ya Uingereza. Kwa nje mti umesuguliwa ukang'aa. Ndani ya mashimo yake, yaliyochimbwa hadi moyoni mwa gogo, alipaka rangi nyeupe na kuacha nyayo za patasi zionekane. Wahakiki wengi huzungumzia Ugiriki wanapozieleza sanamu hizo, nao hawakosei. Mimi naona haki haijatendeka mpaka msitu wa Nigeria nao utajwe, kwa sababu ukubwa ule, na uwezo wa kuingiza mkono mzima ndani ya mti bila kuupasua, ulitolewa na msitu huo.

Kuanzia mwaka 1956 alianza kutumia shaba nyeusi. Wapo waliomwona amesaliti imani yake ya kuchonga kwa mkono, lakini tukiangalia alivyofanya kazi tunaona hakusaliti kitu. Alitengeneza kiunzi cha wavu wa alumini, akakipaka plasta tabaka baada ya tabaka, na plasta ilipokauka akaikata na kuitia tupa kama vile anachonga jiwe. Plasta hiyo ndiyo iliyopelekwa kiwandani, ikatengenezewa kalibu, na shaba ikasubiwa humo. Kwa njia hiyo umbo moja liliweza kuwa na nakala kadhaa, nalo liliweza kukua kufikia vimo ambavyo gogo halivifikii. Mwaka 1961 alinunua jengo lililo ng'ambo ya barabara, Palais de Danse, lililokuwa ukumbi wa sinema na dansi, ili apate paa la kutosha kwa kazi za ukubwa huo.

Kazi kubwa kuliko zote iliyotoka katika jengo hilo inatuhusu kwa karibu. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa rafiki wa Hepworth na aliweka mojawapo ya sanamu zake za mbao ofisini kwake. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege iliyomchukua kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, akiwa njiani kwenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, ili kusimamisha mapigano ya huko. Wazee wa Lubumbashi wanaozungumza lugha hii yetu wanazikumbuka siku zile. Hepworth alipopata habari alianza kuchonga bila kuagizwa na mtu, na baadaye Umoja wa Mataifa ukamkabidhi kazi ya kumbukumbu rasmi. Single Form, ngao ya shaba yenye urefu wa mita 6.4 na tundu moja la duara karibu na kilele chake, ilizinduliwa mbele ya makao makuu ya New York mwezi Juni 1964. Plasta yake ilijengwa St Ives kwa ukubwa wake kamili, ikakatwa vipande sita ili kusubiwa, na mistari ya maungio bado inaonekana usoni mwa sanamu, kwa kuwa mwenyewe aliifanya mistari hiyo kuwa sehemu ya mchoro wake.

Tarehe 20 Mei 1975 moto ulizuka ndani ya Trewyn na Hepworth akafariki humo, akiwa na umri wa miaka 72. Katika wosia wake alikuwa amewaomba wasimamizi wa mirathi wafikirie kupageuza mahali hapo kuwa makumbusho ya kudumu ya kazi zake. Familia haikungoja kamati wala serikali; milango ilifunguliwa mwaka 1976, chini ya mwaka mmoja baada ya msiba. Mwaka 1980 nyumba, bustani na sanamu zilikabidhiwa taifa zikawekwa chini ya uangalizi wa Tate, miaka mingi kabla taasisi hiyo haijajenga jumba lake kubwa la maonyesho katika mji huohuo mwaka 1993. Nasisitiza mpangilio huo wa matukio kwa makusudi. Wosia ulikuwepo, ndugu waliuheshimu mara moja, na chombo chenye fedha na wataalamu kilikubali mzigo kabla ndugu hawajachoka. Kungekosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, sanamu zingegawanywa na kuuzwa mnadani, na kiwanja cha katikati ya mji wa watalii kingejengwa nyumba za wageni.

Anayeingia leo huanza na chumba cha chini chenye barua, picha na kumbukumbu za maisha yake, kisha hupanda ngazi hadi chumba cheupe ambamo kazi za mbao na mawe zimepangwa. Humo mna Infant, mtoto mchanga aliyechongwa mwaka 1929 kwa mti wa Burma, na mtoto huyo ni Paul. Sanamu yenyewe haifiki nusu mita. Ninapoitazama, nikijua yaliyompata Paul baadaye, siwezi kuipita haraka, na nadhani wageni wengi hawawezi.

Kutoka hapo mlango unafunguka bustanini. Sanamu za shaba zimesimama palepale alipoziweka mwenyewe, na hilo ndilo jambo ambalo makumbusho ya kawaida hayawezi kutoa kwa fedha yoyote. Mkurugenzi wa makumbusho hupanga kwa elimu, tena mara nyingi kwa elimu kubwa, lakini mchongaji aliyeishi na bustani yake kwa miaka 25 alijua jua la Februari linaangukia wapi na mwanzi utaziba tundu lipi wakati wa kiangazi. Four-Square (Walk Through) ya mwaka 1966 ina urefu unaozidi mita 4, na jina lake linamwalika mgeni apite katikati yake. Unapopita, matundu yake manne ya duara yanaukata mji, mti na anga vipande vipande kisha yanaviunga upya. River Form inashika maji ya mvua ndani yake, na majani yanayodondokea humo hayaiharibu. Shaba imepata kijani na kahawia kutokana na hewa ya chumvi, kama alivyotarajia.

Pembeni ya bustani zipo karakana. Mgeni huzitazama kupitia dirisha, na ndani huona makoti ya kazi yametundikwa, patasi, tupa na nyundo za mbao zimepangwa, na matofali ya marumaru yakiwa yameanza kuchongwa na mengine hayajaguswa. Mahali hapa ndipo napaona moyo wa mkusanyiko wote. Juu ya jiwe lililoachwa njiani mwanafunzi anaona mkato wa kwanza ulianzia wapi, jinsi patasi kubwa ilivyotangulia na ile nyembamba ikafuata, na ni kiasi gani cha jiwe kilikuwa kinatupwa ili kupata umbo lile tulivu. Sanamu iliyokamilika imeyaficha hayo yote chini ya msasa. Mwalimu anaweza kuyaeleza darasani kwa mwezi mzima, na bado dakika chache mbele ya dirisha lile zitafundisha zaidi.

Nusu ya pili ya urithi wake haiko St Ives. Iko Wakefield alikozaliwa, zaidi ya kilomita 450 kutoka hapo, katika jumba la The Hepworth Wakefield lililobuniwa na David Chipperfield na kufunguliwa Mei 2011 kando ya mto Calder. Familia yake ililipatia jumba hilo vielelezo 44 vya plasta na alumini, yaani vile alivyovitengeneza kwa mikono yake kabla ya shaba kusubiwa. Kilicho kikubwa kuliko vyote, chenye urefu wa karibu mita 6, ni kielelezo cha Winged Figure, sanamu iliyobandikwa mwaka 1963 kwenye ukuta wa duka la John Lewis katika Oxford Street, London. Wapo wanaosikitika kwamba mkusanyiko umegawanyika. Mimi sisikitiki, kwa sababu shaba inavumilia mvua na plasta haivumilii, na bustani ya St Ives isingeweza kuvihifadhi vitu hivyo bila kujengewa paa ambalo lingeiua bustani yenyewe. Zaidi ya hapo, juu ya plasta hizo unaona alama za tupa na mahali mkono ulipobadilisha mawazo, ambazo kiwandani hulainishwa.

Jumba hilohilo mwaka 2019 lilitoa kumbi zake kwa maonyesho makubwa ya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, vyungu vyake vikiwekwa pamoja na vitu vya zama na mataifa mbalimbali alivyovichagua mwenyewe. Njia iliyomfikisha hapo inapita St Ives. Odundo alijifunza Abuja, Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Michael Cardew. Cardew alikuwa mwanafunzi wa mfinyanzi Bernard Leach, ambaye karakana yake ilikuwa St Ives. Na mwaka 1968 mji wa St Ives uliwatunukia heshima yake ya juu watu wawili kwa pamoja, Leach na Hepworth. Tukiyaweka mambo hayo sambamba na magogo ya guarea, hatuna sababu ya kuutazama mkusanyiko huu kana kwamba ni mali ya watu wa mbali isiyotugusa.

Hatari bado zipo. Desemba 2011 wezi waliikata kutoka kwenye kitako chake nakala mojawapo ya Two Forms (Divided Circle) iliyokuwa imesimama katika bustani ya Dulwich, London, na inaaminika walitaka kuiuza kama chuma chakavu. Nakala nyingine ya sanamu hiyohiyo iko ndani ya kuta za Trewyn, na ndiyo maana umbo lile halikutoweka machoni mwa umma. Upande mwingine bei zimepanda mno. Mwaka 2025 jumba la Wakefield, likisaidiwa na taasisi ya Art Fund, lililazimika kuchangisha pauni milioni 3.8 ili kuipata sanamu moja ya mbao ya mwaka 1943 na kuizuia isitoke nchini. Kwa fedha hizo za kitu kimoja mtaona thamani ya hatua ya ile familia, iliyotoa bustani nzima na karakana zake bila kuzipeleka sokoni.

Kazi yenyewe haijakwisha. Palais de Danse lilikabidhiwa Tate na familia mwaka 2015, na mpango uliopo ni kulikarabati ili wageni waingie pale ambapo ile plasta ya Single Form ilijengwa. Sakafuni bado kuna miraba iliyochorwa kwa ajili ya kuikuza ramani ya sanamu hiyo hadi kimo chake kamili. Wakarabati wana uamuzi mgumu wa kufanya: watengeneze paa, umeme na njia za wagonjwa na wazee bila kuifuta mistari ile na bila kulifanya jengo lionekane jipya. Wachongaji mliomo humu mna uzoefu wa kuishi na kufanya kazi katika majengo ya namna hiyo, nami ningependa kusikia kutoka kwenu ni vitu gani katika karakana zenu mngekataza visiguswe. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nayakaribisha maswali.